Kijani Kizito Si Malisho: Kusoma Ramani za Kidijitali Kabla ya Kuwinda

Mwindaji akifungua picha ya setilaiti kwa mara ya kwanza, jicho lake hukimbilia pale penye kijani kizito kuliko kwingine. Hapo ndipo anapoweka alama, na hapo ndipo anapopanga kufika alfajiri. Mara nyingi alama hiyo huwa imeangukia juu ya mafunjo, msitu usiobadilika mwaka mzima, au kichaka cha lantana ambacho mnyama hukipita bila kukigusa. Mnyama anatafuta protini na unyevu ulio ndani ya jani, na hivyo viwili hupatikana kwa wingi jani likiwa changa. Nyasi zikishatoa mashuke hukakamaa, protini hushuka, na tumbo la mcheuaji huchukua muda mrefu kuzimeng'enya. Ndiyo maana kwenye ramani tunatafuta mahali panapogeuka kuwa kijani sasa hivi. Mahali palipo kijani siku zote hapatuambii mengi.

Jambo hili si nadharia ya mezani. Nchini Marekani, kulungu wa Wyoming waliovishwa mikanda ya GPS wamefuatiliwa wakipanda milima hatua kwa hatua nyuma ya wimbi la machipukizi, kadiri theluji inavyoyeyuka kuelekea juu. Nyumbu wa Serengeti hufanya vivyo hivyo kwa kufuata mvua. Anayesoma ramani vizuri anajaribu kujua wimbi hilo limefika wapi wiki hii.

Kwanza mjue mlaji

Ramani moja hutoa majibu tofauti kwa wanyama tofauti, kwa hiyo usiiguse kabla hujaamua unamfuata nani. Mwaka 1989 mtafiti R. R. Hofmann aliwagawa wacheuaji katika makundi matatu kwa kutazama umbo la mfumo wao wa mmeng'enyo: wanaochagua majani laini na machipukizi, wanaokula nyasi, na walio katikati. Nyati, kongoni na kuro ni wala nyasi. Tandala na pongo hula majani ya miti na vichaka. Swala pala na pofu wako katikati: swala pala hula nyasi wakati wa mvua, kisha huhamia vichakani nyasi zinapokauka. Ukimtafuta swala pala kiangazini kwenye uwanda ulioupenda wakati wa mvua, utatazama nyasi kavu siku nzima.

Ukubwa wa mwili nao una uzito wake. Mnyama mkubwa huvumilia chakula kigumu mradi kiwe kingi; mdogo huhitaji kidogo lakini kilicho bora. Nyati atashinda kwenye majani marefu ya bondeni ambayo swala tomi angeyakwepa, kwa sababu swala tomi anataka nyasi fupi zinazochipua na anataka kuona mbali.

Picha gani, na ya lini

Picha nzuri zenye kuonyesha kila mti katika programu za ramani za kawaida zina kasoro moja kubwa: ni za zamani. Huenda zikawa za mwaka jana au za miaka minne iliyopita, na vipande viwili vinavyopakana vinaweza kuwa vya misimu tofauti. Katika Google Earth Pro tarehe ya picha huonekana chini ya skrini, na kitufe cha saa hukupa picha za miaka ya nyuma. Zitumie kwa vitu visivyohama: miti, mapito ya wanyama, makorongo, mabwawa, majabali. Usizitumie kujua hali ya nyasi.

Kwa nyasi za leo, chombo cha kutegemea ni Sentinel-2 ya Shirika la Anga la Ulaya. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, ya pili mwaka 2017, na zikifanya kazi mbili kwa pamoja hupita juu ya sehemu ileile ya ikweta kila baada ya siku 5. Picha zake ni za bure katika tovuti ya Copernicus Browser. Pikseli moja, yaani kidoa kimoja kati ya vile vinavyojenga picha, ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo hutaona mnyama wala kichaka kimoja, lakini utaona kipande cha malisho chenye ukubwa wa nusu ekari. Landsat ya Marekani ina pikseli za mita 30, na setilaiti zake mbili, ya 8 na ya 9, kwa pamoja hupita kila baada ya siku 8. Hiyo tunaiacha kwa historia ndefu, kwa mfano kuona bwawa fulani limekuwa likikauka mwezi gani kwa miaka kumi mfululizo.

Utaratibu ni huu. Fungua eneo lako, chagua Sentinel-2 L2A, yaani picha zilizokwisha kusafishwa athari za angahewa, na weka kikomo cha mawingu kwenye asilimia 30. Usikiweke chini zaidi ya hapo. Kikomo hicho huhesabiwa kwa kigae kizima, yaani mraba wa picha wa kilomita 110 kwa 110, na kigae chenye mawingu robo nzima kinaweza kuwa safi kabisa juu ya bonde unalolitaka. Tazama kwanza picha ya rangi halisi ili ujue mawingu yako wapi na vivuli vyake vimeangukia wapi. Kivuli cha wingu hudanganya kuliko wingu lenyewe, kwa kuwa hufanana na msitu au ardhi iliyoungua.

Kisha badili kwenda NDVI, yaani kipimo cha uoto ulio hai. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. NDVI hupima tofauti hiyo: chukua bendi ya 8 (mwanga wa infraredi), toa bendi ya 4 (mwanga mwekundu), gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu huwa kati ya -1 na 1. Maji huwa chini ya sifuri, udongo mtupu huwa kwenye 0.1 hadi 0.2, nyasi kavu huwa juu kidogo ya hapo, nyasi zinazokua hufika 0.4 hadi 0.6, na msitu mnene huvuka 0.7. Ni viwango vya makadirio, na aina ya udongo huvisogeza, ila vinatosha kukuonyesha kuwa mla nyasi hana kazi na zile pikseli zinazong'aa kuliko zote.

Toa ya zamani kwenye mpya

Hapa ndipo penye faida, na ndipo wengi huishia njiani. Picha moja ya NDVI haikwambii nyasi zinakua au zinakufa. Uwanda wenye 0.35 unaweza kuwa ulikuwa 0.22 wiki tatu zilizopita, na hapo una machipukizi; au ulikuwa 0.55, na hapo una mabua yanayokauka. Rangi kwenye skrini ni ileile.

Njia nyepesi ni kutumia kilinganishi cha Copernicus Browser: weka tarehe mbili zilizopishana wiki mbili hadi tatu, vuta pazia kushoto na kulia, na chora poligoni, yaani umbo la kufunga eneo, kuzunguka kila sehemu iliyopanda. Njia ya uhakika zaidi ni kupakua bendi ya 4 na ya 8 za tarehe zote mbili, kuzifungua katika QGIS ambayo ni programu ya bure, kutengeneza NDVI mbili kwa kikokotoo cha rasta (raster calculator), kisha kutoa ya zamani kwenye mpya. Ipe ramani inayotokea rangi tatu tu: iliyopanda zaidi ya 0.1, iliyotulia, na iliyoshuka zaidi ya 0.1.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kupakua picha ya NDVI iliyokwisha kupakwa rangi na kuitoa kwenye nyingine. Picha hiyo hubeba namba za rangi, na namba za uoto hazimo tena, kwa hiyo jibu halina maana hata likionekana zuri. La pili linawakuta wanaopakua faili ghafi: picha za Sentinel-2 zilizochakatwa tangu mwishoni mwa Januari 2022 zimeongezewa 1000 katika kila pikseli. Usipoitoa, NDVI yako itakuwa ndogo kuliko ukweli, na ukiilinganisha na picha ya zamani zaidi utadhani ukame umeingia.

Ukame wa kweli au mwaka wa mvua nyingi utauona kwa kulinganisha tarehe ya leo na tarehe hiyohiyo ya mwaka jana. Fanya hivyo kabla ya kutegemea alama za msimu uliopita.

Moto, zizi la kale na kichuguu

Ardhi iliyoungua huonekana vizuri ukipanga bendi ya 12, 8A na 4 za Sentinel-2 kama rangi nyekundu, kijani na samawati: majani hai huwa kijani, na sehemu iliyoungua huwa nyekundu iliyofifia au kahawia nzito. Tovuti ya FIRMS ya NASA huonyesha moto wa karibuni kwa nukta; kihisi cha VIIRS kina pikseli za mita 375 na cha MODIS kilomita 1, kwa hiyo nukta si mahali halisi pa moto, ni katikati ya pikseli. Ipate nukta, kisha nenda Sentinel-2 uone mpaka wa kweli wa jivu.

Kama udongo una unyevu, nyasi huanza kuchipua ndani ya siku chache, na wala nyasi huja kwa wingi. Kama hauna, jivu litabaki jivu hadi mvua inyeshe. Tazama basi NDVI ya sehemu iliyoungua kila picha mpya inapotoka: ikianza kupanda, panga safari, ikilala palepale, usipoteze mafuta ya gari. Kumbuka pia kuwa uwanda ulioungua hauna pa kujificha, wala kwa mnyama wala kwako. Kinachofaa ni ukingo wa moto, hasa pale ulipopita kwa mabaka na kuacha visiwa vya vichaka.

Katika savana kuna alama nyingine ndogo tunayoithamini sana. Zizi la ng'ombe lililoachwa huacha samadi nyingi ardhini, na rutuba hiyo hudumu miongo. Kwenye picha kali ya rangi halisi utaliona kama duara la uwazi katikati ya vichaka, mara nyingi upana wake haufiki mita 100. Nyasi zake ni fupi na zina lishe, na wanyama huzirudia miaka nenda miaka rudi. Vichuguu vikubwa vya mchwa hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo: nukta za kijani zilizopangana kwa nafasi karibu sawa wakati uwanda uliobaki umepauka.

Maji ni nusu ya hesabu

Nyati hunywa kila siku, na kuro hakai mbali na maji. Tandala hustahimili zaidi, kwa kuwa majani anayokula yana unyevu. Kwa mnyama wa kunywa kila siku, weka alama kila bwawa lililothibitika kuwa na maji katika picha ya wiki hii, si lile lililochorwa kwenye ramani kwa rangi ya samawati. Ramani nyingi huchora mto wa msimu kana kwamba unatiririka mwaka mzima.

Halafu chora duara la kilomita 5 kuzunguka kila bwawa. Ndani yake utaona jambo linalomkanganya mgeni: karibu na maji hakuna chakula. Kwato na midomo huacha pete iliyopauka kuzunguka bwawa, na kadiri kiangazi kinavyosonga ndivyo pete inavyopanuka. Malisho yanayotumika sasa huwa nje ya pete hiyo lakini ndani ya mwendo wa kwenda na kurudi. Mapito ya wanyama, ambayo huonekana kama nyuzi nyeupe zinazokutana bwawani, hukuonyesha wanatoka upande gani. Yafuate kwa kinyumenyume hadi yanapotawanyika na kupotea. Pale yanapotawanyika ndipo ulaji unapoanza.

Mifugo hutengeneza mapito yaleyale. Ukiona nyuzi nyingi zikiishia kwenye duara lenye uzio au kwenye paa za bati, hilo ni zizi linalotumika, na wanyamapori watakuja usiku au hawatakuja kabisa.

Mteremko na jua

Washa tabaka la kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na tabaka la mwinuko. Kaskazini ya tropiki ya Kansa, mteremko unaotazama kusini hupata jua zaidi, huwahi kuchipua na huwahi kukauka. Kusini ya tropiki ya Kaprikoni mambo hugeuka. Karibu na ikweta tofauti ya kaskazini na kusini ni ndogo, na kinachohesabika zaidi ni mashariki na magharibi, pamoja na kimo. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unapopanda, kwa hiyo majani ya juu huchelewa, na mnyama anaweza kupata machipukizi kwa wiki nyingi kwa kuhama kimo tu.

Tafuta sehemu bapa zilizokatwa kwenye mteremko mkali, ambako kontua huachana ghafla kisha kubanana tena. Hushika udongo na maji, na wanyama hupenda kulala hapo wakicheua. Ila usiamini kontua kupita kiasi. Nyingi zimetengenezwa kwa vipimo vya rada vya mwaka 2000 vyenye pikseli za mita 30 hivi. Korongo lenye upana wa mita 15 na kina cha mita 6 linaweza lisionekane kabisa, nawe ukalikuta miguuni ukiwa umebakiza nusu saa ya mwanga.

Malisho peke yake si mahali pa kusubiria. Wanyama wengi wanaowindwa hula zaidi usiku na kwenye kingo za siku. Pima umbali kutoka malisho hadi kivuli au kichaka kizito kilicho karibu, na weka alama kwenye njia inayounganisha hivyo viwili. Malisho mazuri yaliyo umbali wa kilomita 2 kutoka kwenye kificho hupata wageni gizani tu, wakati malisho ya wastani yanayopakana na kificho hutembelewa kukiwa bado kuna mwanga.

Upepo nao uchore mapema. Kabla ya jua kupanda, hewa ya baridi huteremka mabondeni. Ardhi ikipata joto, hewa hugeuka na kupanda. Njia ya kufikia malisho alfajiri inapaswa kuwa chini ya mnyama, na ya saa nne asubuhi juu yake. Chora zote mbili kwa rangi tofauti, ili ukichelewa usiende kwa njia ya alfajiri.

Kuhamishia kwenye simu

Panga alama zako kwa daraja. Sehemu inayostahili kutembelewa kwanza ni ile ambayo NDVI imepanda, maji yako ndani ya duara, kificho kiko karibu, na upepo unakuruhusu kuingia. Sehemu tano au sita zinatosha kwa siku tatu za kutembea. Alama arobaini hazikusaidii kuamua.

Hifadhi alama kwa GPX au KML, aina za faili ambazo programu za ramani husoma, na pakua ramani za kutumia bila mtandao. Ukuzaji (zoom) wa kiwango cha 14 una pikseli za mita 9.6 hivi kwenye ikweta, na wa 16 mita 2.4. Kila kiwango unachoongeza hukuza faili mara nne, kwa hiyo pakua 14 kwa eneo zima na 16 kuzunguka alama tu. Baada ya kupakua, zima data na ufungue kila kipande nyumbani. Kigae kilichokosekana hugunduliwa hapo, si porini. GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao na kwenye uwazi hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mizito au korongoni hukosea zaidi.

Mnapopeana namba za mahali, hakikisheni mnatumia mtindo mmoja. Latitudo 3.50 ni digrii 3 na dakika 30. Mwenzako akiisoma kama digrii 3 na dakika 50, atakuwa amehama kilomita 37.

Mipaka ya hifadhi na vitalu iliyomo kwenye programu za simu si ya kisheria. Chukua ramani ya mamlaka iliyokupa kibali, iweke juu ya ramani yako, na uache nafasi ya kutosha kabla ya mpaka, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa hajui mpaka uko wapi na huenda usiruhusiwe kumfuata. Nchi nyingi zina masharti makali kuhusu droni katika uwindaji, na baadhi zinaipiga marufuku kabisa. Soma masharti ya kibali chako kabla ya kuifungasha. Alama zako zisiende kwenye makundi ya simu, na zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, kwa maana picha moja ikirushwa na namba zake huwaelekeza majangili moja kwa moja kwenye malisho.

Kuhakikisha kwa macho

Siku ya kwanza iwe ya kutazama. Panda mahali pa juu, upepo ukiwa usoni, na kagua alama kwa darubini kabla hujazikanyaga. Ukishuka, inama uangalie majani. Wacheuaji hawana meno ya mbele kwenye taya la juu, kwa hiyo jani au tawi walilong'oa hubaki na ncha iliyochanika. Sungura na panya hukata safi, kana kwamba kwa kisu. Ncha nyeupe na yenye unyevu ni ya karibuni. Iliyokuwa kahawia ni ya siku kadhaa. Kinyesi kikavu juu na kibichi ndani nacho ni cha karibuni. Kama sehemu iliyokuwa ya kwanza kwenye daraja haina hata kimoja kati ya hivi, ishushe daraja na usiitetee.

Kuna vyakula ambavyo ramani haitavionyesha hata ukae nayo mwezi mzima: matunda yaliyoanguka chini ya mtini, maganda ya migunga, uyoga, na magadi ya kulamba. Ukivikuta, viwekee alama ya rangi yake pamoja na mwezi, kwa kuwa hurudi kwa msimu.

Mnyama akipatikana, kagua tumbo kubwa wakati wa kupasua. Chakula kilicho juu juu, ambacho hakijacheuliwa vizuri, bado kinatambulika: majani ya nyasi yenye mishipa sambamba, majani mapana, mbegu, maganda. Piga picha, andika tarehe, saa na mahali, kisha fungua picha ya Sentinel-2 iliyo karibu zaidi na siku hiyo na uandike NDVI ya malisho ya karibu, pamoja na ilivyokuwa wiki tatu kabla.